Jua Halikupatwa kwa Ajili Yako

Hadija mwanangu,

Salamu utazipata asubuhi kwa mdomo, pamoja na chai. Hapa naandika hasira. Nimeikalia toka juzi, nimepika nayo, nimesali nayo, Mungu anisamehe, na bado haijapoa. Ukiona mwandiko umechafuka usidhani ni machozi. Ni kalamu ya baba yako ya garaji, ina grisi.

Sikuandikii habari za kufua na kula. Gitega kuna baridi, unajua, na akili ya kuvaa sweta unayo. Mengine watakufundisha huko huko kwenye uuguzi wako. Nakuandikia kwa sababu ya lile neno ulilosema juzi ukiwa unakunja nguo. Mi nilikuwa nakuambia Gitega si mbali, masaa mawili matatu ya basi, utakuwa unakuja kila likizo. We hata macho hukuinua. Ukasema, "Mama, nikienda mutapumuzika. Likizo nitabaki huko huko."

Tutapumzika! Niliweka pasi chini nikatoka uani. Ulidhani nimekwenda kuangalia sufuria. Nilikwenda kuuma kitenge changu nisipige kelele majirani wakaja.

Na ninakuandikia, ingawa kati yetu ni ukuta mmoja tu, kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo nitalia, halafu we utanibembeleza. Umenibembeleza vya kutosha tangu ukiwa na miaka mitano. Leo kaa chini, mi niseme mpaka mwisho.

Nimekukasirikia kwa neno hilo, usidhani nitakuficha. Lakini we ni wa mwisho kwenye foleni, na foleni yangu ya watu wa kukasirikiwa ni ndefu kuliko ya watu wa mafuta pale kituoni. Acha nianze na walio mbele.

Siku yenyewe umesimuliwa na kila mtu wa Buyenzi isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mimba yako ya miezi mitatu. Wakati ule tuliishi uwanja mmoja na shangazi yako Zaina, wifi yangu, garaji mbele, vyumba nyuma. Mariamu binti yake alikuwa ameolewa karibuni, naye ana mimba, imetangulia yako kidogo. Kesho yake au keshokutwa tulikuwa tunaanza kufunga Ramadhani. Redio ikasema mchana jua litapatwa.

Wifi akatuita sisi wawili, akatuingiza chumba cha nyuma, akashusha pazia. Kisu tusishike, sindano tusishike, hata mchele tusichambue. Akatumia neno la Kirundi, maana alisema la Kiswahili halina uzito: *ubwirakabiri*. Kuchwa mara mbili kwa siku moja. "Mwenye mimba akiliona lile giza la pili," akasema, "mutoto analibeba kwa uso." Halafu akajifunga mtandio, akaenda msikitini kusali sala ya kupatwa kwa jua.

Aliyeinuka kwanza si mimi. Sikia vizuri, Hadija, hili hujawahi kulisikia. Aliyeinuka kwanza ni Mariamu. Mafundi walikuwa wanapiga kelele huko mbele kama watu wa mpira, naye akasema, "We, twende tukaone, mama hatarudi sasa hivi." Tukatoka. Mwanga ulikuwa umepauka, si usiku, si mchana. Bati la garaji lina matundu ya misumari, unalijua, na kila siku matundu yale hutupa vidoa vya duara chini. Siku ile kila kidoa kilikuwa mwezi mwandamo. Miezi midogo midogo sakafuni kote, juu ya tairi, juu ya mikono ya watu. Mi nilicheka. Nilicheka kwa furaha, mwanangu, na ulikuwa tumboni.

Mafundi walikuwa wanapokezana kile kinyago cha kuchomelea, chenye kioo cheusi. Mariamu akakivaa kwanza, akatazama mpaka nikamvuta mkono. Kisha nikavaa mimi. Jua lilikuwa limemegwa kama chapati ambayo mtoto amepita nayo. Basi. Ndiyo dhambi yenyewe hiyo. Tukarudi chumbani kabla msikiti haujatoka, na Mariamu akaniapisha nisimtaje.

Akajifungua yeye kwanza, akapata Idi, uso safi kama yai. Ukaja we, na lile doa lako jeusi, toka chini ya jicho la kushoto mpaka karibu na mdomo. Nilikuona nikakupenda, na hilo liandike mahali. Baba yako akaingia, akakutazama, na neno lake la kwanza mbele yako duniani halikuwa Bismillahi, halikuwa hongera. Lilikuwa, "Ulitoka?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na maumivu, nilikuwa mjinga, sikujua kudanganya. Hakuuliza nilitoka na nani. Na mi nilikuwa nimeapa.

Wifi akashika kichwa. "Lisemwalo lipo! Huyu ndiye ubwirakabiri wetu." Kabla hujafikisha arobaini jina lilikuwa limeshafupishwa: Kabiri. Tulikuita Hadija kwa jina la mama yangu, tukachinja, tukasoma, lakini barabara nzima ikachukua lile la wifi. Wageni walidhani ni jina zuri. Mama mmoja wa Musaga aliyekuja kununua spea aliniambia, "Kabiri, ni jina la wapi? Linapendeza." Nikamwambia asante. Mungu wangu, nilimwambia asante.

Sasa nikuambie kinachonichemsha damu kuliko vyote. Jua limepatwa tena hapa kwetu mara nne tangu uanze kutembea, na kila mara maalimu alisimama msikitini akasema jambo lilelile, mi nalisikia kwa kipaza sauti: jua halipatwi kwa ajili ya mtu, awe amekufa au amezaliwa. Ni alama ya Mungu, salini, toeni sadaka, basi. Wanaitikia amina. Wanasali rakaa zile ndefu mpaka magoti yanauma. Halafu wanavaa viatu, wanakuja moja kwa moja kwangu kuuliza, "Kabiri mumemufungia?" Njia ya msikiti mpaka mlango wangu ni fupi, lakini walikuwa wanafika hawana hata neno moja waliloambiwa.

Na nilikuwa nimekufungia. Ndiyo. Mara zote nne. Mkono wangu ndio ulizungusha ufunguo, si wa wifi.

Mara moja ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umenyamaza kule ndani, nikadhani umelala. Nilipofungua nikakuta umekaa juu ya mkeka, kiganja umekinyoosha. Ukaniambia, "Mama, liliingia. Nililishika kwa mukono." Bati la chumba kile nalo lina matundu. Nilikuwa nimefunga mlango, jua likapita juu, likakuwekea mwezi mwandamo mkononi. Nilikukaripia. Nilikuosha ile mikono kwa maji na chumvi. We uliyapata maajabu, mi nikakuosha kama uliyeshika uchafu.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa nakaa tu natazama. Nilifanya vibaya zaidi ya kutazama. Nilikupeleka Kanyosha kwa yule mtu wa dawa, ukiwa na miaka sita, akakusugua shavu kwa majani makavu mpaka damu ikatoka, na aliyekushika mikono isitikisike ni mimi. Nilikufundisha kuvuta kitambaa kije mbele upande wa kushoto, kabla hata hujajua Alhamdu yote. Picha za sikukuu, picha za harusi, picha ya siku ulipomaliza shule ya msingi: nilikuwa nakugeuza bega. Nyumba nzima haina picha ya shavu lako la kushoto. Nimezitafuta leo zote, haipo hata moja.

Na siku moja ya mvua, ulikuwa unacheza kwenye mfereji na wenzako, nikatoka mlangoni nikaita, "Kabiri, ingia ndani!" Mimi. Kwa mdomo huu. Na we hukushtuka. Uliitika "Abee mama" ukaja mbio, umelowa, unacheka. Nilikukausha kichwa, na nikanyamaza. Ningeweza kukuomba radhi siku ileile. Nilijiambia mtoto hakusikia.

Kuhusu baba yako sitaki kuandika mengi, maana ni baba yako, na anakupenda kwa namna ya watu wa chuma, wanaopenda kitu lakini wanakigonga. Hajawahi kukuita lile jina, haki yake nampa. Lakini hajawahi kumwambia mtu yeyote aache. Miaka yote hii anaweza kumtoa mtu garajini kwa kosa la kugusa spana yake. Jina la binti yake lilipita mlangoni kila siku, yeye akaendelea kufunga nati.

Sasa nije kwako na maharage.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi uliopita. Tumekaa tunachambua maharage, isha imeshapita, we una simu pembeni. Ukasema polepole, kama mtu anayetaja bei, "Mama, leo jua langu limerudi."

"Jua lako? We una jua gani?"

Ukanieleza. Nilijifanya sisikilizi vizuri lakini nilisikia kila kitu. Kwamba kupatwa kwa jua kuna koo, kama watu. Kila kupatwa kuna ndugu yake anayekuja baada ya miaka kumi na nane, siku kumi na moja, na masaa kama manane, kwa sababu jua, mwezi na dunia vinakuwa vimerudi kukaa vilevile. Kwamba zile mara nyingine zote nilizokufungia, zilikuwa za koo nyingine, hazina uhusiano wowote na ile ya mimba. Kwamba ile yenyewe, hasa hasa ile, ilikuwa inapita wakati ule ule tunachambua maharage, lakini kwao Amerika, maana yale masaa manane ya ziada yanaipa dunia nafasi ya kuzunguka, na kivuli kinaangukia watu wengine.

Nikakuuliza, "Na hapa kitarudi lini?"

"Mpaka kizunguke mara tatu, mama. Miaka hamsini na nne kwa jumla. Na hata hapo kitakuwa kimesogea." Halafu ukasema hata koo zenyewe zinakwisha. Kivuli kinasogea kila mara mpaka kinatoka nje ya dunia, na ukoo unakuwa umekufa.

Nikasema, "Hata jua lina mwisho wa kupatwa, ila ulimi wa shangazi yako." Ukacheka, nami nikafurahi kwamba nimekuchekesha, nikaosha maharage. Sikuona ulikuwa unaniuliza kitu. Nimekiona juzi, na nguo zako mkononi. Ulikuwa umekaa na simu, peke yako, binti wa miaka kumi na saba, unahesabu kama mashtaka yako yana ukweli. Ulikuwa unanipa ushahidi, Hadija. Wanawake wangapi wenye mimba walikuwa nje huko Amerika siku ile, na watoto wao watatoka na nini? Ulitaka mama yako aseme, "Basi walikuonea." Mama yako akasema maharage haya yana mawe mengi.

Kwa hiyo leo, baada ya alasiri, nimekwenda kwa wifi. Ulidhani nimekwenda sokoni. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Sikukaa. Nikamwambia, "Wifi, siku ile sikutoka peke yangu. Mariamu alitoka mbele yangu, na kinyago alikivaa mbele yangu, na Idi hana hata alama ya mbu."

Nilikuwa nimekitayarisha kiapo changu nikivunje kwa kishindo. Nilidhani atapiga mayowe, atasema mwongo mkubwa we. Hakuacha hata kusuka.

"Nilijuaka," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijuaka siku ileile. Mariamu mwenyewe aliniambiaka usiku, analia, anaogopa mimba yake."

Nikamsogelea. "Na we ukanyamaza? Ukaona mutoto wangu anaitwa lile jina, ukanyamaza?"

Hapo akaniangalia. Hakuwa na haya, hakuwa na ubaya pia, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Mama Hadija," akasema, "watu walikuwa wanatafuta wa kumusema. We ulikuwa umeshasema ndiyo. Mi ningefanya nini? Mariamu ni mutoto wangu."

Wallahi nilitaka kuipindua ile baraza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, mengine kwa Kirundi, maana kweli kwa mambo mengine Kirundi kina uzito. Majirani walitoka. Nikaondoka huku naikanyaga kanzu yangu.

Lakini njiani, mwanangu, pale kwenye duka la betri, nikasimama. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule mwanamke aliujua. Amedanganya miaka yote hii kwa ajili ya binti yake, amebeba uongo mbele ya watu na mbele ya Mungu wake, anasali nao, anafunga nao, na yuko tayari kuingia nao kaburini. Binti yake akaishi salama. Na mi niliyekuwa na ukweli mfukoni, nilimfanyia nini wangu? Nilikaa na kiapo nilichompa mtu mwingine. Nilijiona mtu wa heshima, mtu asiyevunja neno. Heshima yangu we ndiye uliyeilipia, kwa shavu lako.

Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa, na haina wifi ndani yake, haina baba yako. Sikuambii ili unisamehe. Usinisamehe haraka, tafadhali, una tabia hiyo ya kusamehe kabla mtu hajamaliza kukosea. Ukae nayo huko Gitega, uikasirikie nawe. Nitafurahi zaidi ukiniandikia barua ya matusi kuliko ukiniandikia kwamba unaendelea vizuri.

Na sasa zamu yako kwenye foleni. Hatukuwahi kuchoka na we. Unasikia? Baba yako alipokimbiwa na wateja, haikuwa we. Mimba zangu mbili zilizotoka baada yako, hazikuwa we. Najua ulimsikia wifi akisema ni mkosi wako, ulikuwa nyuma ya mlango na mi nilikuona miguu. Ulikuwa na miaka minane, ukaacha kula nyama mwezi mzima, nami sikukuuliza kwa nini. Nyumba hii ilikuwa na shida kama nyumba zote za Buyenzi, na ulikuwa kitu kimoja ndani yake kilichokuwa kinacheka kwenye mvua. Nenda Gitega kwa sababu unataka kuwa muuguzi. Nenda kwa sababu umetuchoka, hiyo nayo ni sababu nzuri, nitaielewa. Ila usithubutu kwenda kama mtu anayetoa mzigo wake nyumbani kwa watu.

Kuna jambo moja limebaki. Baba yako alikuwa amekupangia teksi ya saa kumi na moja alfajiri. Amehangaika siku mbili kumtafutia yule dereva mafuta, maskini. Nikamuuliza kwa nini alfajiri, na mabasi ya Gitega yapo mpaka mchana. Akasema, "Aende mapema, watu wasije wakamuangalia-angalia." Nikampigia dereva mbele yake, nikamwambia asije. Baba yako akafoka. Nikafoka zaidi. Mafundi walizima mashine wasikie vizuri, na nikawaambia wasogee karibu kama hawasikii. Nikamwambia yote, ya Mariamu, ya wifi, na ya neno lake la kwanza siku uliyozaliwa. Alikaa juu ya injini, akijifuta mikono na kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akauliza, "Sanduku lake ni zito?" Nikasema zito. Akasema, "Basi nitabeba mimi."

Tutatoka saa nne. Barabara itakuwa imejaa, maduka ya spea yamefunguka, watu wote wapo milangoni, na wifi atakuwa barazani kwake maana hana pa kwenda. Tutakwenda kwa miguu katikati ya barabara mpaka kwenye basi, baba yako na sanduku, we katikati. Kichwa funika, ni dini yako, lakini kitambaa kifunge kwa nyuma. Mtu akitaka kuangalia, aangalie. Akitaka kusema, ajibiwe na mimi, na leo nimegundua kwamba sauti ninayo.

Kama ukiamka ukaona hutaki, unataka kutoka kimya kimya kabla ya jua, sitakushika, maisha ni yako. Utapita mlango wa mbele, hakuna mwingine. Utanikuta nimekaa hapo. Nimeshavaa.

Mama Hadija